Mstari wa Deni

Mamako yuko zamu ya usiku, hospitali,
kwa hiyo leo ni mimi wa kukulaza, Wakesho,
mimi na mikono inayonuka gesi ya friji
na sala niliyoibeba kutoka Mgange
bila kuifungua, kama kifurushi cha mtu mwingine.

Nje, Sohar haijapoa.
Saa tatu usiku, ukuta bado una homa.
Tunapiga magoti juu ya zulia la Bi Zuweina,
alilotupatia siku tulipohamia,
"Vigae vitawatia baridi ya mifupa, wanangu,"
kwa Kiswahili chake cha Wete
ambacho miaka hamsini ya hapa haijakikausha.

Wewe huyaogopi maneno.
Unayageuza kiganjani kama baisa:
hii ya nani, inanunua nini.
"Baba, riziki ni ile ya Bi Zuweina?
Husema *rizki* kila akifungua mlango.
Na kusamehe nimekusikia kwa mwalimu Badriya.
Na amina huitikia wote, pale msikitini, naisikia dirishani.
Mbona sala yetu ina maneno ya jirani?"

Sikuwa na jibu.
Niliambiwa sala ililetwa Mgange na wamisionari, kwa miguu.
Sikuambiwa walipofika
walikuta maneno yake yameshatangulia,
yamekaa sebuleni, yamevua viatu,
yametokea huku huku ninakokaza nati za mafriji.
Nami nilidhani nakulea ugenini,
imani mara moja kwa wiki, Ijumaa saa tisa,
kwenye viti vyenye joto la Wafilipino waliotangulia.

"Na deni?"

Deni unalijua. Daftari la Moidini dukani,
ukurasa wetu: maziwa, unga,
ile soda uliyochukua bila kuniuliza.
Ukacheka. "Mungu ana daftari kama la Moidini?"
"Analo."
"Na analifuta?"
"Analifuta."
Ukaniangalia kama anayehesabu chenji.

Basi tukaanza tena kutoka juu,
wewe mbele, mimi nyuma,
na tulipofika pale penye sisi na wadeni wetu
koo likanikauka. Nikakohoa,
nikatokea ng'ambo, kwenye majaribu.

Ukafumbua jicho moja.
"Baba, umeruka mstari."

Mwangeka. Riyali arobaini, tangu mwezi wa pili.
Jana nimempigia mara sita.
Nimemwandikia ujumbe
ambao nisingependa uusome.
Nimewaeleza watu mlangoni mwa kanisa,
kwa sauti ya kumwombea.

Na hapo, magotini, nikamsikia mama:
jikoni, ukungu umesimama kizingitini,
anakohoa kila jioni mahali palepale.
Tulidhani ni moshi.
Tulimchemshia tangawizi, tukamsugua mgongo.
Kumbe ni mjomba Righa
na lile shamba la bondeni.
Miaka yote alitufundisha sala pamoja na tundu lake,
nami nimevisafirisha vyote viwili,
havina mkwaruzo,
hadi chumba hiki.

"Sema, Baba. Ni mfupi."

Si mfupi, mwanangu.
Una riyali arobaini ndani yake, una bonde zima la mahindi.
Niliusema hadi katikati.
Ulipoona nimekwama ukaumalizia wewe,
upesi, kama anayemvusha mzee barabara,
ukalala kabla ya amina.

Nimekaa na simu gizani.
Jina la Mwangeka linawaka, linazima.
Sijampigia. Sijalifuta deni pia.
Nimeufuta ule ujumbe tu, na alishausoma.

Saa moja na nusu asubuhi mamako ameingia,
viatu mkononi, harufu ya dawa nywelani.
"Amesali?"
"Amesali."
"Na wewe?"

Nikakohoa.